Nimekwenda San Siro Kutazama Omena

Kwa miaka 38 nimewadanganya watu wa Kombewa, na wameniamini bila shida yoyote. Novemba 2025 nikafanya jambo la kweli. Nikapanda ndege, nikafika Milan, nikaingia San Siro kwa miguu yangu hii miwili, nikarudi nyumbani na karatasi ya tiketi mfukoni. Hakuna anayeniamini. Jirani yangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki amenitangazia mbele ya watu kwamba mimi nilikwenda Eldoret.

Ule uongo wa miaka 38 nitauungama huko mbele nikipata ujasiri. Wacha nianze na ukweli, maana ndio ulionila pesa.

Mimi ni mshabiki wa Inter tangu Februari 2010. Kabla ya hapo nilikuwa wa Gor Mahia peke yake, kama mtoto yeyote wa huku kwetu Seme aliyelelewa akaleleka. Halafu akatokea McDonald Mariga. Alikuwa akichezea Parma, Manchester City wakamtaka, Waingereza wakamnyima kibali cha kazi. Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, hayati Raila Odinga, akaingilia kati, na bado ikashindikana. Inter wakamchukua. Mei ya mwaka huohuo Inter wakawachapa Bayern 2-0 kule Madrid, wakabeba Ligi ya Mabingwa, na Mariga akawa Mkenya wa kwanza kulinyanyua lile kombe. Kwamba fainali yote aliimalizia kwenye benchi si hoja. Hata harusini kuna wanaocheza na kuna wanaokaa, na wali wanakula wote.

Wiki ile Kombewa nzima ilihamia Inter. Wengi wakahama tena 2019, Mariga alipowania ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, dhidi ya mgombea wa ODM, chama cha Raila, tuliyemwita Baba. Mtu aliyepiganiwa na Baba mwenyewe! Jirani yangu wa vipuri alivua jezi yake mchana kweupe akaifanya tambara la kufutia oili. Mariga akashindwa, dunia ikazunguka, na mwishoni mwa 2024 akachaguliwa makamu wa rais wa shirikisho letu la mpira. Ile jezi mpaka leo ni tambara. Mimi nilibaki Inter. Msinisifu kwa uaminifu. Jezi yangu niliinunua soko la Kibuye kwa shilingi mia tano, na sikuwa na nyingine.

Sasa, nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Milan. Alipiga simu akaniambia, "Nera," yaani mjomba, "njoo ukatazame hao Inter wako kabla hawajavunja uwanja." Nikadhani ni utani. Nikamuuliza nani anavunja uwanja wa Inter. Akasema wenyewe.

Safari ya kwenda Italia huanzia mezani kwa karani. Kuna ofisi fulani jijini Nairobi, jina nitamezea, ambako nilitakiwa kueleza ni kitu gani Kenya kitanifanya nirudi. Nikasema nina mke, nina ng'ombe watatu, nina mkopo wa chama cha akiba. Karani alipita mke kama hakumsikia, akapita ng'ombe, akaandika mkopo. Nikaenda nyumbani kungoja, nikarudi, nikangoja tena. Kinachoniuma ni kwamba Inter, kwa jina kamili Internazionale, ilianzishwa Machi 1908 na watu waliojitoa klabu ya Milan kwa sababu walitaka wachezaji wa kigeni wakubaliwe. Klabu nzima imezaliwa ili wageni wapate kuingia! Mimi mgeni wao niliyevaa jezi yao nimeingia kwa picha nne, alama za vidole kumi na barua ya mwajiri wa mpwa.

Nilikatazwa kubeba omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Mpwa alisisitiza mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ya mama yake: "Nera, omena hapana." Nikabeba unga wa wimbi, jezi ya Kibuye na magoti yangu, ambayo sasa yana miaka 55.

Milan ya Novemba ni baridi ya kukata masikio. Mpwa akaniazimia koti la mzee anayemtunza, koti zito la kijivu, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu kama nimevaa kanzu ya askofu. Mlikumbuke hilo koti. Lina kesi huko mbele.

Uwanjani tulikwenda kwa treni ya chini ya ardhi, ile njia ya rangi ya zambarau ambayo tangu 2015 inafika mpaka mlangoni pa San Siro. Treni haina dereva. Narudia, haina dereva. Haina makanga wala wa kukwambia sogea sogea bado kuna nafasi ya watu wanne. Nimezoea matatu ya Kombewa kwenda Kisumu, ambamo ukibanwa kuna mtu wa kumfokea na yeye akakufokea, mnafika Kisian mmeshapatana. Huku tulibanwa kama magunia ya mkaa na kila mtu kanyamaza. Kubanwa kimyakimya ni adhabu, nawaambieni.

Tulipotokea juu nikauona. Jamani, runinga inaficha mambo. Uwanja umezungukwa na minara 11 ya zege, mviringo, mirefu, kama maghala ya mahindi yaliyoitwa kwenye baraza yakasimama duara. Juu yake wametandika vyuma vyekundu vikubwa, utadhani kuna jitu lililosahau kitanda chake huko. Minara hiyo iliongezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, ipate kubeba jukwaa la tatu. Uwanja wenyewe ni wa 1926. Aliyeujenga ni Piero Pirelli, rais wa klabu ya Milan wakati huo, wa ukoo uleule wa matairi. (Nilipomweleza hili jirani wa vipuri aliniuliza kama nimerudi na bei za jumla.) Mechi ya ufunguzi, Septemba 19, 1926, Milan waliwakaribisha Inter kwenye nyumba mpya, na Inter wakawafunga 6-3. Ni kama umealika watu kubariki nyumba, mgeni akala kuku wote na kuvunja kiti. Tangu 1947 wanaishi humo wote wawili. Sisi Gor na Leopards tunaitana mashemeji, na uwanja tunagawana kwa matusi. Wale ni ndugu wa tumbo moja waliogawana mji 1908, halafu wakarudi kuishi chumba kimoja na kupokezana kitanda.

Hata jina hawakupatana. San Siro ni jina la mtaa, na mtaa umetokana na mtakatifu. Mwaka 1980 uwanja ukapewa jina la Giuseppe Meazza, aliyeshinda Kombe la Dunia 1934 na 1938, na aliyezichezea klabu zote mbili ingawa moyo wake ulikuwa Inter. Watu wa Milan wakaendelea kusema San Siro, hawana habari. Hapo nilijisikia nyumbani. Uwanja wa City kule Nairobi ulipewa jina la Joe Kadenge alipofariki 2019, Kadenge yuleyule wa "Kadenge na mpira", na hadi leo ukimwambia makanga akushushe Kadenge atakuuliza ni wapi hapo.

Lakini lililonikera ni la kuvunja. Mpwa alinieleza tukiwa kwenye foleni. Kule Italia jengo la umma likifikisha miaka 70 linaweza kuingia kwenye ulinzi wa urithi, na kulibomoa kunakuwa kesi. Jukwaa la pili la San Siro ni la 1955, na lilikuwa linatimiza miaka 70 tarehe 10 Novemba. Kwa hiyo wakakimbizana. Mwisho wa Septemba baraza la jiji likapiga kura kuwauzia Inter na Milan uwanja kwa yuro milioni 197, yaani karibu shilingi bilioni 29. Mkataba ukatiwa saini Novemba 5. Watajenga mpya pembeni, wa watu 71,500, na huu wa zamani wabakize kipande kidogo cha kumbukumbu, kama unavyobakiza kwato za ng'ombe baada ya karamu.

Mimi nilikuwa pale tarehe 9. Siku moja kabla ya mzee kufikisha umri wa kuheshimiwa! Hakuna aliyeleta keki, hakuna aliyemwaga hata tone la kitu. Huku Seme mzee akikaribia sabini, wanawe huanza kulipima shamba kwa macho, hilo nakubali, lakini angalau wanangoja azikwe. Wale wamemwahi mzee akiwa bado anakaribisha wageni.

Basi, mlangoni.

Tiketi za Italia zina jina la mtu, na mlangoni wanalinganisha na pasipoti. Mpwa alinunua tiketi kwa jina analolisikia kwa mama yake, na dada yangu ni mtu pekee duniani anayeniita kwa jina la ubatizo. Jina hilo nililitupa 1994. Kwenye pasipoti halimo. Yule kijana wa mlangoni alitazama tiketi, akatazama pasipoti, akanitazama mimi, akatazama koti. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, mpwa akaeleza kwa Kiitaliano, na kwa kuwa jina la ukoo lilikuwa lilelile, mkubwa wake akaitwa. Wakati wanaitana nikanunuliwa maji. Muuzaji akafungua chupa, akabaki na kifuniko, akanipa chupa wazi. Nikamwambia nipe kifuniko changu. Akatikisa kichwa. Kumbe ndiyo kawaida ya viwanja vyao, kifuniko hapewi mtu, kwa sababu chupa iliyofungwa inatupika mbali. Nimeishi nikinunua maji stendi ya Kisumu ambako wasiwasi wetu ni kama kifuniko kilikuwa kimefungwa. Hawa wanakufungulia wenyewe na kukinyang'anya. Sasa panda minara na chupa isiyo na kifuniko, ndani ya koti la watu.

Mkubwa wa mlangoni alikuja, akacheka, akanipigapiga bega, akaniruhusu. Saa yangu ilionyesha mpira umeanza. Mechi ilikuwa na Lazio, saa mbili na dakika arobaini na tano usiku, ambayo kwa Kombewa ni saa nne na dakika arobaini na tano. Kiti chetu kilikuwa jukwaa la tatu, huko kwenye kitanda cha jitu. Njia ya kupanda inazunguka ndani ya mnara, inazunguka, inazunguka, ukuta wa zege kushoto, ukuta wa zege kulia, huoni kitu. Mpwa yuko mbele kama mbuzi wa mlimani. Mimi nahesabu pumzi, maji yananimwagikia mkononi.

Hapo ndipo zege lilipotetemeka. Sio mfano, lilitetemeka, nilikuwa nimeliegemea. Ukaja mngurumo kutoka juu na chini kwa pamoja, halafu sauti ya mtu kwenye spika ikatamka "Lautaro!", na umati ukajibu "Martínez!" Tena "Lautaro!", tena "Martínez!" Dakika ya tatu. Bao la nahodha wetu. Na mimi, niliyesafiri zaidi ya kilomita 5,000, nimesimama ndani ya bomba la zege nalisikiliza.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa sauti kutoka Kombewa. Nikaubonyeza nikiwa palepale. Ni jirani wa vipuri, na nyuma yake kibanda kizima cha video kinapiga makelele: "Omera! Umeona hilo bao? Umeona alivyolipiga?"

Nikamjibu, "Nimeliona."

Mnaona jinsi tabia ilivyo ngumu kuacha.

Tukafika juu. Nikaketi, nikafuta jasho na baridi kwa pamoja, nikatazama chini. Uwanja ulikuwa mzuri, taa kama mchana, nyasi za kijani kibichi. Na juu ya nyasi, omena. Nimezaliwa karibu na ziwa, omena nawajua. Nimewaona wakianikwa mchangani Asat, nimewaona kwenye wavu alfajiri wakimetameta na kurukaruka, huwezi kumtambua mmoja na mwenzake, unaona tu kundi limegeuka kulia, limegeuka kushoto. Basi ndivyo. Kundi moja la omena wa mistari ya bluu na nyeusi, kundi jingine la rangi nyingine, wote wanageuka kulia, wote wanageuka kushoto. Nilikatazwa kubeba omena Italia, nikawakuta wamefika kabla yangu.

"Lautaro ni yupi?" nikamuuliza mpwa.

"Yule pale."

"Wapi pale?"

"Nera, yule anayekimbia."

Walikuwa wanakimbia wote.

Kulikuwa na skrini kubwa. Nilijikaza nisiitazame, kwa kuwa skrini hata Kombewa iko, tena kwa shilingi thelathini. Bei ya tiketi yangu sitaitaja hapa, mke wangu ana tabia ya kusoma magazeti yanayofungia mandazi. Kufikia dakika ya ishirini nilikuwa natazama skrini tu, shingo imepinda, na hata huko mpaka uingoje. Kibanda cha Kombewa kina marudio, kina marudio ya polepole, kina mtangazaji anayekutajia mtu kwa jina, na kina mwenye kibanda anayepunguza sauti ili atoe maoni yake mwenyewe. San Siro kuna nini? Kuna zege na mzee wa kiti cha jirani.

Mzee huyo wa jirani nitamkumbuka. Alikuwa amevaa skafu ya Inter iliyochakaa kiasi cha kunipa heshima, na alikuwa analalamika tangu nilipoketi. Sikuelewa neno, lakini wimbo nilikuwa naujua: pasi mbovu, kijana huyu hafai, tuliuzwa tangu zamani. Tulikuwa tunaongoza, kumbuka. Mapumziko yalipofika nikamwomba mpwa amuulize kama anamkumbuka McDonald wetu.

Mzee aliposikia "McDonald" akaonyesha kwa kidole nje ya uwanja, chini, kwenye vibanda vya soseji.

"Hapana," nikasema mwenyewe. "Mariga. Mariga! Kenya!"

Akafikiri. Uso ukafunguka kama dirisha. "Mariga!" Akaanza kuhesabu vidole, kikosi cha 2010, Júlio César, Maicon, Lúcio, Samuel, Zanetti, akaenda mpaka Eto'o na Milito, vidole vikamwishia akaazima vyangu. Mariga hakutajwa. Nikangoja. Mwishowe akanigusa goti, akatamka neno moja, "panchina", akapiga kiti chake kwa kiganja mara mbili.

Mpwa hakutafsiri. Hakukuwa na haja.

Nilitaka kukasirika, lakini yule mzee alisema vile kwa upole, na ukweli ni kwamba Mariga aliingia uwanjani Camp Nou, nusu fainali, dakika za mwisho mwisho, akampokea Eto'o mwenyewe, wakati Inter wako kumi na Barcelona wanatafuta bao moja tu. Kombewa tulisimama juu ya mabenchi usiku ule. Nikamwambia mzee kwa ishara: Barcelona, Mariga, ndani. Akakubali kwa kichwa. Akanipa kichupa kidogo cha kahawa tamu yenye kilevi, wanakiuza mlemle kwenye viti. Baridi ikapungua. Kichupa cha pili nikalipa mimi.

Bao la pili lilifungwa dakika ya 62, na hilo nililiona. Subirini nieleze nilichokiona. Omena walijikusanya upande wa kushoto. Mtu wa mbele yangu, jitu la futi sita, akasimama. Alipoketi, omena wa bluu na nyeusi walikuwa wamepandana kwenye kona. Simu ikalia. "Bonny! Omera, ni Bonny! Umemwona?"

Nikamwambia nimemwona.

Mechi ikaisha 2-0, mzee wa jirani akaondoka bado analalamika, na mimi nikabaki kidogo kutazama viti vikijitokeza rangi moja moja watu wakitoka. Nikapigwa picha mbili. Moja imetoka giza. Ya pili inanionyesha nimesimama nje, na koti la kijivu, chini ya mnara wa zege.

Sasa turudi Kombewa, nilikorudi nikitegemea mapokezi. Si mapokezi ya rais, angalau chai. Jioni ya kwanza nikaenda kibandani na karatasi yangu ya tiketi na ile picha. Vijana wakanipisha benchi la mbele, "Jaduong', keti," heshima zote. Jirani wa vipuri akafungua kesi.

Kumbe usiku ule mwenye kibanda alifungua hadi saa saba kwa ajili yangu. Mechi za Italia huku hazina wateja, watu ni wa Uingereza, lakini siku hiyo kibanda kilijaa mpaka dirishani. Walikuja kunitafuta kwenye skrini. Dakika tisini wametumbua macho, kila kamera ikipita kwa mashabiki wanasimamisha pumzi. Uwanja wa watu zaidi ya 75,000, nao wananitafuta mimi.

"Hukuonekana," jirani akasema.

"Nilikuwa jukwaa la tatu."

"Mtu mweusi tulimwona mmoja. Hakuwa wewe. Alikuwa amevaa vizuri."

Nikatoa tiketi. Wakaisoma kwa tochi ya simu. Jina la ubatizo hakuna aliyelijua. "Huyu ni nani?" Nikasema ni mimi. Wakacheka mpaka jenereta ikaonekana kimya. Nikatoa picha. Jirani akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, kama daktari.

"Hili ni ghala la mahindi," akasema. "Na hilo koti ni la baridi ya Eldoret. Omera, ulikwenda kwa shemeji yako kuvuna, useme tu."

Wakanipa mtihani. Bao la kwanza Lautaro alilipiga kwa mguu gani? Sikujua. Kipa wa Lazio alivaa rangi gani? Sikujua. Bonny alisherehekea vipi? Nikasema walipandana kwenye kona. Kijana mmoja wa boda boda, ambaye hajavuka hata daraja la Kisian, akanirekebisha kwa adabu: "Hapana, jaduong', kabla ya kupandana alifanya hivi," akaonyesha kwa mikono. Kila nilichojaribu kueleza kuna aliyekiona vizuri kuliko mimi, kwa karibu, mara nne, polepole. Niliposema zege lilitetemeka wakanyamaza kidogo, kwa huruma, kama wanavyomnyamazia mgonjwa.

Hapo ndipo jirani aliposema, "Mambo ya San Siro tuachie sisi. Wewe tupe Kasarani."

Vijana wakashangilia. "Kasarani! Jaduong', tupe Kasarani!"

Saa ya kuungama imefika. Mama watoto, kama ukurasa huu umekufikia na mandazi, chai ya jioni nitapika mwenyewe. Mwaka 1987, Gor Mahia walipocheza fainali ya Kombe la Mandela na Espérance ya Tunis, mimi sikuwa uwanjani Kasarani. Sijawahi kusema sentensi hii kwa sauti. Nilikuwa mwanafunzi, tena sina nauli ya kufika hata Ahero. Nilikaa chini ya mwembe na watu kama thelathini, katikati yetu redio ya mwalimu, betri zimeanikwa juani mchana kutwa zipate nguvu, tunasikiliza VOK. Nilipokwenda nyumbani likizo, msichana mmoja aliniuliza kama nilikuwepo. Alikuwa na macho fulani. Nikasema ndiyo. Tuna watoto wanne.

Basi nikasimama pale kibandani nikawapa. Nikaanza na Tunis, ile 2-2 ya ugenini. Nikaja Kasarani mpya, umejengwa kwa Michezo ya Afrika mwaka huohuo, rangi bado inanuka. Nikawapangia kikosi mmoja mmoja, David Ochieng golini, Austin Oduor na kitambaa cha unahodha, Abbas Magongo, Peter Dawo. Nikawasukuma watu langoni, nikawarudisha, nikawaeleza upepo ulivyovuma, na dakika za mwisho zilivyogoma kwisha, 1-1, bao moja tu likiingia langoni kwetu kombe linapanda ndege kwenda Tunis. Nilikuwa naona kila kitu. Nawaambia kweli, kuliko nilivyoona Milan.

Hakuna aliyenikatiza. Hakuna aliyeuliza mguu gani. Nilipomaliza, jirani wa vipuri alikuwa anajifuta macho kwa lile tambara la jezi ya Inter, oili na vyote, na mwenye kibanda akanirudishia shilingi zangu thelathini.